Viti vya Nyuma: Historia ya Daraja la Kawaida katika Ndege za Masafa Marefu

Daraja la kawaida katika safari za ndege za kuvuka bahari lilianza rasmi tarehe 1 Mei 1952. Siku hiyo mashirika makubwa yaliyokuwa yakiruka kati ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini yalianza, kwa pamoja, kuuza tiketi za bei nafuu zilizoitwa za kitalii. Nauli ya kwenda na kurudi kati ya New York na London, iliyokuwa dola 711, ikawa dola 486 kwa abiria aliyekubali kubanwa kidogo. Mashirika hayo yalikuwa yakigombania abiria walewale, lakini hakuna lililomtangulia mwenzake hata kwa siku moja. Nauli ilikuwa imepangwa mezani, ikapigiwa kura, kisha ikaidhinishwa na serikali. Na pamoja na nauli vilipangwa pia nafasi ya kukaa, chakula na kinywaji. Mengi ambayo abiria wa leo hudhani yametokana na umbo la ndege yalitokana na meza ile, na mengi ya yaliyobaki yalitokana na kuvunjika kwake.

Kabla ya hapo ndege za masafa marefu hazikuhitaji madaraja, kwa kuwa waliozipanda walikuwa watu wa daraja moja. Imperial Airways ya Uingereza ilipofikisha huduma yake Mwanza mwaka 1931, na mwaka uliofuata ikaisogeza hadi Cape Town, kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba barua. Abiria wachache waliopata nafasi walikuwa maofisa wa serikali, wenye mashamba makubwa na wawindaji wenye fedha zao. Ndege za majini za Short Empire, zilizotua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi tangu mwaka 1937, zilibeba watu wasiozidi 24. Jioni ikiingia safari ilisimama, abiria wakapelekwa hotelini kulala, na asubuhi wakaendelea. Safari ya namna hiyo ilichukua siku kadhaa, na haikumhusu karani wala fundi.

Karani na fundi walisafiri baharini, na baharini madaraja yalikuwepo tangu zamani. Meli za kampuni ya British India zilizokwenda na kurudi kati ya Bombay na pwani ya Afrika Mashariki, zikiwemo Karanja na Kampala, zilikuwa na vyumba vya wenye nazo na mamia ya abiria wa deki. Kwenye Atlantiki mambo yalikuwa vivyo hivyo: wahamiaji wa Ulaya waliokwenda Marekani walijazwa chini, karibu na mitambo. Kampuni za meli zilijua kwamba wa juu waliipa meli jina, na wa chini waliipa faida. Wenye ndege walichelewa kuliona hilo, na walipoliona hawakuruhusiwa kulifanyia kazi mara moja.

Kikwazo kilikuwa siasa. Mkutano wa Chicago wa mwaka 1944, uliohudhuriwa na wajumbe wa nchi zaidi ya 50, ulikubaliana kuhusu usalama na haki ya kupita angani, lakini ulishindwa kukubaliana kuhusu nauli. Pengo hilo likazibwa na chama cha mashirika ya ndege, IATA, kilichoundwa Havana mwezi Aprili 1945. Mwaka uliofuata Uingereza na Marekani zilisaini mapatano ya Bermuda, yaliyokipa chama hicho kazi ya kupanga nauli, ili mradi serikali ziridhie. Kila nchi ya Ulaya ilikuwa na shirika lake la taifa lililojijenga upya baada ya vita, na hakuna waziri aliyetaka kuliona likizamishwa na Wamarekani waliokuwa na ndege nyingi na mpya.

Mmarekani aliyewatia hofu zaidi alikuwa Juan Trippe, mkuu wa Pan American. Mwaka 1945 alitangaza kwamba angewabeba watu kati ya New York na London kwa dola 275 kwa safari moja. Waingereza wakatishia kuipunguzia Pan American nafasi za kutua, naye akarudi nyuma. Alipopata njia ya kujaribu wazo lake ilikuwa ni mahali ambapo IATA haikuwa na sauti: kati ya New York na San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani. Mwaka 1948 Pan American ilianza kuwabeba watu huko kwa dola 75, katika ndege za DC-4 zilizosongamanishwa viti. Waliozijaza walikuwa Wapuerto Rico waliokwenda New York kutafuta kazi viwandani na jikoni mwa hoteli, na jamaa zao waliowafuata. Kwa hiyo ingawa daraja hili lilipofika Atlantiki liliitwa la kitalii, wateja wake wa mwanzo walikuwa vibarua. Tangazo lilimlenga mtalii. Ndege ilijazwa na mhamiaji, na hali hiyo haijabadilika sana.

Jaribio la San Juan lilionyesha kwamba nauli ikishuka, watu hawaongezeki kidogo kidogo bali wanafurika. Ndiyo maana IATA ilikubali hatua ya mwaka 1952. Ndege ya DC-6B, iliyobeba abiria 50 na kitu wakiwa wanne kila mstari, ilipangwa upya ikabeba zaidi ya 80, watano kila mstari. Pombe ya bure ikaondolewa na chakula kikapunguzwa. Gharama ya marubani, mafuta na kutua ilibaki karibu ileile, ila sasa ikagawanywa kwa vichwa vingi zaidi. Hesabu ya daraja la kawaida ni hiyo tu. Yote yaliyofuata ni namna mbalimbali za kuipiga tena.

Ilipigwa tena tarehe 1 Aprili 1958, lilipoanzishwa daraja la chini zaidi kwa nauli pungufu kwa asilimia 20 hivi kuliko ile ya kitalii. Hilo ndilo lililopewa jina la uchumi, na baada ya muda mfupi daraja la kitalii lenyewe likatoweka katikati. Kanuni zake zilikuwa kali kama za jeshi. Kutoka kiti hadi kiti, kwa kipimo cha kutoka sehemu moja ya kiti hadi sehemu hiyohiyo ya kiti cha mbele, ziliwekwa inchi 34, yaani sentimita 86. Chakula cha moto kilipigwa marufuku. Abiria alistahili sandwichi baridi.

Kanuni hiyo ndiyo iliyozaa ugomvi wa ajabu kuliko yote katika biashara ya ndege. Mashirika ya Ulaya yalikuwa na ndege za pangaboi, huku Pan American ikikaribia kupokea za jeti. Yalihitaji kitu cha kumvuta abiria na kilichobaki huru kilikuwa kipande cha mkate. Shirika la SAS la nchi za Skandinavia likaandaa sandwichi za kwao, ambazo hazifunikwi kwa mkate juu: kipande chembamba chini, na juu yake nyama, samaki, mayai na mboga vilivyopangwa kwa ustadi hadi mkate wenyewe usionekane. Ukitazama picha za matangazo ya wakati ule unaona mlo kamili uliovikwa jina la sandwichi. Pan American ikashitaki. Wakuu wa mashirika, watu wenye mishahara minono na ndege za mamilioni ya dola, wakakutana London kujadili sandwichi ni nini. Uamuzi ulikuwa kwamba lazima iwe baridi, ya gharama ndogo, isiyo na mapambo, na mkate uwe sehemu kubwa inayoonekana. SAS ilitozwa faini, nayo ikavuna umaarufu ambao faini hiyo isingeweza kuununua. Kichekesho kipo, lakini ugomvi huo unaonyesha jambo zito: bei ilipofungwa, ushindani wote ulihamia kwenye trei.

Mwaka huohuo wa 1958 jeti ziliingia Atlantiki. Comet 4 ya shirika la BOAC ilivuka tarehe 4 Oktoba, na Boeing 707 ya Pan American ikafuata tarehe 26 Oktoba kutoka New York kwenda Paris ikiwa na abiria 111. Safari iliyochukua karibu nusu siku au zaidi ikawa ya saa saba au nane. Mabadiliko hayo yalimfaa abiria wa nyuma kuliko wa mbele, kwa sababu kubanwa kwa saa saba kunavumilika. Mwisho wa muongo huo waliovuka bahari hiyo kwa ndege walikuwa wengi kuliko waliovuka kwa meli, na kampuni za meli zikaanza kuuza meli zao au kuzigeuza za starehe.

Hata hivyo nauli ya uchumi, dola 453 na ushei kwa kwenda na kurudi, ilikuwa bado mlima kwa watu wengi duniani. Wanafunzi 81 wa Kenya waliofika New York mwezi Septemba 1959 hawakukata tiketi za kawaida. Mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani, wakiwemo Jackie Robinson wa mchezo wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walichangisha fedha wakakodi ndege nzima aina ya Britannia, kwa kuwa kumlipia kila mwanafunzi nauli ya shirika kungegharimu mno. Mwaka 1960 taasisi ya familia ya Kennedy ilitoa dola 100,000 kwa ajili ya safari zilizofuata, ambamo alikuwemo Wangari Maathai aliyekuwa akielekea chuoni Kansas. Mpango huo, uliokuja kuwahusu pia vijana wa Tanganyika, Uganda na nchi jirani, ulitegemea mwanya mmoja: IATA ilipanga nauli za tiketi, lakini ndege ya kukodi ilikuwa na bei ya maelewano.

Wengine nao walitafuta mianya kwa njia zao. Loftleidir ya Iceland haikuwa mwanachama wa IATA, kwa hiyo iliuza tiketi kwa bei iliyotaka, ikiwapitisha abiria Reykjavik hadi Luxembourg kwa ndege za pangaboi zilizojikokota. Vijana wa Marekani wenye mifuko ya mgongoni waliipenda hadi ikabandikwa jina la shirika la mahipi. Katika miaka ya 1960 zikazuka pia safari za vyama: ndege ilikodiwa kwa wanachama wa chama fulani, nao walitakiwa wawe wanachama kwa miezi kadhaa kabla ya kuruka. Vyama vya wapenda maua na ndege wa porini vikapata wanachama wengi kwa ghafla, ambao mapenzi yao kwa maua yaliisha mara tu baada ya likizo.

Huku Afrika Mashariki, East African Airways, shirika la pamoja lililoanza mwaka 1946, lilinunua Comet 4 mwaka 1960 na Super VC10 mwaka 1966 kwa safari za London. Viti vya nyuma vya ndege hizo vilijazwa na wanafunzi, watumishi wa serikali na familia zenye asili ya Asia, wakati watalii wa Ulaya wakianza kuja kwa wingi kutazama mbuga. Shirika hilo lilivunjika mapema mwaka 1977, na nafasi yake ikachukuliwa na Kenya Airways na Air Tanzania zilizoanzishwa mwaka huo, pamoja na Uganda Airlines iliyoundwa mwaka mmoja kabla.

Ndege iliyolifanya daraja la kawaida kuwa la watu wengi kweli ilikuwa Boeing 747. Trippe aliagiza 25 mwezi Aprili 1966, kwa dola milioni 525, kabla hata haijachorwa ikakamilika. Ilianza kubeba abiria tarehe 22 Januari 1970 kutoka New York kwenda London. Kwa mara ya kwanza chumba cha abiria kilikuwa na njia mbili za kupita. Mwanzoni walikaa watu tisa kila mstari. Haukupita muda mrefu wakawa kumi, watatu, wanne na watatu, na mpangilio huo ukabaki. Ndege ilikuwa kubwa kuliko soko. Uchumi wa Marekani ulikuwa umepoa, na mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda mno. Mashirika yakajikuta yana mamia ya viti vitupu ambavyo kanuni ya nauli haikuruhusu kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Aliyeupiga ukuta huo nyundo ya mwisho alikuwa Mwingereza Freddie Laker. Aliomba leseni ya huduma aliyoiita Skytrain, akakawizwa na serikali na mahakama kwa miaka, hadi tarehe 26 Septemba 1977 ndege yake ya DC-10 yenye viti 345 ilipopaa kutoka Gatwick kwenda New York. Nauli ilikuwa pauni 59. Mteja hakuweza kuweka nafasi mapema: alifika siku hiyohiyo, akapanga foleni, akalipa, na kama alitaka kula alinunua chakula chake. Mashirika makubwa yakajibu kwa nauli za kusubiri nafasi na nauli za kulipa wiki kadhaa kabla. Laker alifilisika tarehe 5 Februari 1982, akibanwa na madeni ya dola na washindani walioshusha bei zao. Abiria wake wakahamia kwa walewale waliomuua.

Kufikia hapo Marekani ilikuwa imeshaacha kupanga nauli za ndani, kwa sheria iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter tarehe 24 Oktoba 1978, na IATA ikalazimika kuufanya upangaji wa nauli kuwa wa hiari kwa wanachama. Meza ilikuwa imevunjika. Matokeo yake ya kwanza, yaliyoanza kuonekana hata kabla ya sheria hiyo, hayakutarajiwa na wengi. Mfanyabiashara aliyelipa nauli kamili ya daraja la kawaida, kwa sababu safari zake hujitokeza ghafla, alianza kujikuta ameketi bega kwa bega na mwanafunzi aliyelipa robo yake. Akalalamika. KLM ikawatenga watu wa nauli kamili mbele ya chumba hichohicho mwaka 1976, wengine wakaiga, na Qantas ikakiita chumba chao daraja la biashara mwaka 1979. Kwa hiyo daraja la biashara halikushuka kutoka la kwanza, kama wengi wanavyodhani. Lilitoka tumboni mwa daraja la kawaida, likachukua waliolipa vizuri, na kuwaachia waliobaki chumba cha watu wa bei ndogo peke yao. Tangu hapo hapakuwa na aliyelipa vya kutosha ndani ya chumba hicho ambaye malalamiko yake yangesikika ofisini.

Pengo la bei likageuzwa sayansi. American Airlines, chini ya Robert Crandall, ilitumia kompyuta kugawa viti vinavyofanana katika mafungu ya bei, kila fungu na masharti yake, na kuyafungua au kuyafunga kulingana na kasi ya mauzo. Crandall ndiye anayesimuliwa kuwa aliokoa dola 40,000 kwa mwaka kwa kuondoa zeituni moja kwenye kila sahani ya saladi. Mfumo wake ulienea duniani kote. Ndiyo sababu watu watatu waliobanana mstari mmoja kutoka Amsterdam hadi Nairobi wanaweza kuwa wamelipa bei tatu tofauti, na aliye katikati, ambaye hana dirisha wala njia, akawa ndiye aliyelipa zaidi.

Maisha ndani ya chumba hicho yalijengwa na mambo mawili: hewa na muda. Ndege inaporuka mita zaidi ya 10,000 juu, hewa ya ndani huwekwa katika mgandamizo ulio sawa na wa mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20. Pua hukauka, na pua ikikauka ulimi hupoteza nusu ya kazi yake. Utafiti wa taasisi ya Fraunhofer uliofanywa kwa ajili ya Lufthansa, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba chumvi na sukari husikika hafifu angani, ilhali juisi ya nyanya, ambayo wengi huiona ina ladha ya udongo wakiwa chini, hupendeza zaidi. Wapishi hujibu kwa mchuzi mwingi na viungo vikali. Chakula chenyewe hupikwa saa nyingi kabla ya safari katika jiko kubwa karibu na uwanja, hupozwa haraka hadi chini ya nyuzi joto 5, hufunikwa kwa karatasi ya bati na kupashwa moto ndani ya ndege. Ubwabwa na mchuzi huvumilia safari hiyo. Samaki wa kukaanga hatoki salama. Mtu aliyeketi mstari wa mwisho hulijua tatizo jingine: toroli likimfikia, swali la kuku au nyama huwa limeshajibiwa na waliomtangulia.

Kwa miaka mingi hewa hiyo ilikuwa pia na moshi. Wavutaji walipangiwa mistari ya nyuma, bila ukuta wowote, na asiyevuta aliyeketi mstari mmoja mbele yao alivuta pamoja nao. Marekani ilianza kupiga marufuku katika safari fupi za ndani mwaka 1988, na mwaka 1992 shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga likazitaka nchi zikomeshe sigara katika safari za kimataifa ifikapo katikati ya mwaka 1996. Filamu, kwa upande wake, zilianzia mbele: TWA ilianza kuwaonyesha abiria wa daraja la kwanza mwaka 1961. Chumba cha nyuma kilipata pazia moja la pamoja, ambalo mtu mrefu aliliziba, hadi vioo vidogo vya mgongoni mwa kiti vilipoenea katika miaka ya 1990. Kitu kimoja hakikuja bure hata mara moja, nacho ni nafasi.

Na nafasi ina uhusiano na damu. Mwaka 1940, wakati wa mashambulizi ya Wajerumani juu ya London, daktari Keith Simpson aliona ongezeko la watu waliokufa kwa bonge la damu lililokwama mapafuni, baada ya kukesha kwenye viti vya kukunjwa ndani ya mahandaki. Mwaka 1954 John Homans, mpasuaji wa Boston, aliandika kuhusu damu kuganda miguuni kwa watu waliokaa muda mrefu, akiwemo msafiri wa ndege, na mwaka 1977 jina la ugonjwa wa daraja la uchumi likaingia katika maandishi ya kitabibu. Jina hilo linapotosha. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulieleza kwamba hatari huongezeka mara mbili au tatu baada ya kukaa saa nne au zaidi bila kujongea, iwe kwenye ndege, basi, treni au gari, na daraja la biashara halina kinga. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ya mtu 1 hivi kati ya 6,000. Ila anayeketi dirishani, huku majirani wawili wamelala, hujongea kwa shida kuliko mwingine yeyote.

Kuanzia miaka ya 1980 kitovu cha safari hizi kilianza kuhamia mashariki. Emirates iliruka kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba 1985 kutoka Dubai kwenda Karachi, na Doha ikafuata njia hiyohiyo baadaye. Mashirika ya Ghuba hayakuwa na wasafiri wengi wa nyumbani; yaliishi kwa kuwaunganisha watu wa nchi nyingine, na watu hao walikuwa wa daraja la kawaida: vibarua wa Kerala na Manila, mahujaji, wasichana wa Mombasa na Tanga wanaokwenda kufanya kazi za ndani Muscat na Riyadh. Kwa wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh, thamani ya tiketi hupimwa kwa mzigo kabla ya nafasi ya miguu. Mifuko miwili ya kilo 23 kila mmoja ni mtaji. Kilo moja ikizidi huanza mazungumzo kaunta, na majaketi huvaliwa juu ya majaketi.

Wakati huohuo kiti kilikuwa kikinyofolewa. Boeing 777, iliyoanza kazi mwaka 1995, ilikuwa na nafasi nzuri kwa watu tisa kila mstari. Emirates na wengine wakaweka kumi, na kiti kikashuka kutoka inchi 18 na ushei hadi 17 hivi. Boeing 787 ilichorwa kwa watu wanane. Karibu mashirika yote yaliweka tisa, na Japan Airlines ni miongoni mwa wachache mno waliobaki na wanane. Kutoka kiti hadi kiti, inchi 34 za mwaka 1958 zikawa 32, kisha 31. Mafundi walisaidia kuficha upungufu: sponji ikawa nyembamba, fremu ikawa nyepesi, mfuko wa magazeti ukapandishwa juu ya meza ili magoti yapate pa kuingia. Kiti chepesi huokoa mafuta, na hilo ni kweli. Lakini akiba hiyo ilikwenda kwenye mistari ya ziada.

Aliyeuona upungufu huo akauziwa dawa yake. EVA Air ya Taiwan na Virgin Atlantic zilianza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuuza daraja la kati lenye upana na nafasi ambavyo abiria wa miaka ya nyuma angeviona vya kawaida. Chini nako kukachimbwa: Delta ilianza mwaka 2012 kuuza tiketi ya msingi isiyobadilishwa wala kumruhusu abiria kuchagua kiti. Mgawanyiko wa mwaka 1979 ulijirudia, mara hii pande zote mbili.

Sheria imeligusa jambo hili kwa pembeni. Ndege haiidhinishwi mpaka watengenezaji waonyeshe kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa imefungwa. Mwezi Machi 2006, huko Hamburg, watu 873 walitoka ndani ya Airbus A380 kwa sekunde 78. Nao walijua kinachokuja. Bunge la Marekani liliagiza mwaka 2018 kwamba mamlaka ya anga iweke kipimo cha chini cha kiti kwa ajili ya usalama. Majaribio yalifanyika Oklahoma City kwa kutumia watu 775 wa kujitolea, wote wenye afya na umri chini ya miaka 60, na mamlaka ikasema viti vilivyopo havizuii watu kutoka. Kipimo hakikuwekwa.

Muda wa kukaa, nao, umerefushwa. Qantas ilianza mwezi Machi 2018 kuruka moja kwa moja kutoka Perth hadi London, saa 17 hivi. Tarehe 28 Oktoba mwaka huo Kenya Airways ilianza safari ya Nairobi na New York bila kutua njiani, saa 15 za kwenda, kwa Boeing 787 yenye viti 30 vya biashara na 204 vya kawaida. Air Tanzania ilikuwa imepokea ndege ya aina hiyo mwezi Julai, ikiwa na viti 240 vya nyuma. Janga la Uviko-19 lilipozifunga anga, Kenya Airways iling'oa viti vya abiria katika baadhi ya ndege zake ili sakafu ibebe mizigo. Singapore Airlines, kwa safari zake za karibu saa 19 kwenda eneo la New York, iliamua kutoweka daraja la kawaida kabisa: ndege yake ina viti 67 vya biashara na 94 vya daraja la kati. Qantas imechagua njia nyingine kwa ndege za A350 ilizoagiza ili kuunganisha Sydney na London bila kituo. Zitabeba watu 238 tu, chini sana ya uwezo wake, na viti 140 vya kawaida vitatengana kwa inchi 33, pungufu kwa inchi moja kuliko ilivyoamriwa na IATA mwaka 1958.